Sabufa ya gari haipigi vizuri? Pima boksi kabla ya kulaumu spika

Gari likiingia kwangu na mwenyewe akaanza na "fundi, waliniuzia spika feki", siigusi spika. Nafungua buti, natoa tepu meja, napima boksi. Mara nyingi kufikia hapo spika imeshafutiwa mashtaka. Koni, ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa, ni nzima; koili, waya uliozungushwa nyuma yake, ni nzima; na shida iko kwenye hewa ya boksi: imebanwa mno, au inavujia pembeni, au inapitia bomba la kutolea hewa ya boksi ambalo mtu alilikata kwa kukadiria na macho.

Niko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Ninayopokea zaidi ni Probox, Vitz na Noah, pamoja na matatu za kwenda Busia na Nakuru ambazo lazima zisikike kabla hazijaonekana. Hapa kwetu ukisema "wufa" mtu anawaza ile ya sebuleni yenye rimoti na taa za bluu. Sizungumzii hiyo. Nazungumzia spika ya besi ya gari, inchi 10 au 12, ndani ya boksi lililojengwa kwa ajili yake. Nitaiita sabufa tuelewane.

Kuwa na tepu meja, tesita ya umeme, betri ya volti 1.5 ya rimoti, na simu yenye programu ya kutoa toni moja moja. Programu ya bure inatosha.

Besi ipo, lakini haina kifua

Anza na nyaya kwa sababu kuzikagua ni bure. Sabufa mbili zikiwa pamoja na moja ikafungwa plasi kwa mainasi, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inajifia humo humo. Chomoa nyaya za spika upande wa ampu (kile kikuza sauti kinachoisukuma sabufa), kisha gusisha ncha zake kwenye betri ndogo kwa sekunde moja, plasi kwa plasi. Koni itoke nje. Ikiingia ndani, kuna mahali waya umegeuzwa, hata kama rangi zinakuambia vingine. Nimekuta waya uliounganishwa katikati kwa tepu, mwekundu ukaendelea kama mweusi.

Kama sabufa ni moja na nyaya ziko sawa, kaa kiti cha dereva, weka wimbo wenye gitaa la besi, umwambie mtu ageuze swichi ya fezi kwenye ampu, ile inayogeuza kusukuma kuwe kuvuta, kutoka 0 hadi 180. Upande unaokupa besi nzito ndio wa kuacha. Usihukumu ukiwa umesimama nyuma ya buti. Mwenye gari hatasafiri akiwa amesimama huko.

Hayo mawili yakishindikana, sasa pima boksi. Kosa linalonipa kazi kuliko yote ni la mtu aliyepiga hesabu kwa vipimo vya nje. Chukua boksi la Probox niliyorekebisha, lenye sentimita 60 kwa 38 kwa 35. Zidisha, gawanya kwa 1000, unapata karibu lita 80. Fundi wa kwanza alishika hiyo 80 akaenda nayo. Lakini bodi ni milimita 18, na kila kipimo kinapita bodi mbili, moja kila mwisho, kwa hiyo toa sentimita 3.6 kwenye kila kipimo: 56.4 kwa 34.4 kwa 31.4. Hiyo ni kama lita 61. Lita 19 zimeliwa na mbao peke yake. Kisha sabufa yenyewe, sumaku na kikapu chake, inakaa kwenye nafasi ya lita 3 hivi. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 28 linakula lita 2.6, na kipande cha kukaza katikati lita moja. Hewa iliyobaki ni lita 54. Mtu alijenga kwa hesabu ya 80 akapata 54, halafu analalamikia duka.

Boksi lenye mgongo ulioinama kufuata kiti usilihesabu kama mraba. Pima kina cha juu na cha chini, jumlisha, gawa kwa mbili, ndipo uzidishe.

Boksi likiwa limefungwa kabisa, bila bomba, angalia karatasi ya sabufa utafute Qts (jinsi koni inavyojizuia kutetemeka ovyo), Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa koni) na Fs (toni ambayo koni inatetemeka yenyewe). Hizi ndizo namba zinazoitwa kwa majina ya Neville Thiele na Richard Small. Thiele alichapisha kazi yake Australia mwaka 1961, Small akaiendeleza huko huko miaka ya 1970, na hadi leo fundi wa boksi anakula kwa jasho lao. Hesabu ni hii: gawa Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo chake cha pili (square root), zidisha kwa Qts. Tuseme Vas ni lita 60 na Qts ni 0.5. Ndani ya boksi la lita 60 unapata 0.7, na hapo besi inashuka taratibu bila kujikunja. Iweke sabufa hiyo hiyo kwenye lita 20 na unapata 1 kamili. Sasa inafura juu, inapiga kama debe kwenye noti za katikati, na chini hakuna kitu. Mwenye gari anaita hiyo "besi ngumu". Mimi naiita boksi dogo.

Kama huwezi kuongeza boksi, jaza faiba ya mito ndani, bila kuishindilia. Inaidanganya sabufa ione boksi kubwa kidogo, pengine asilimia 10 hadi 20. Hiyo ni ya boksi lililofungwa. Kwenye boksi la bomba iweke mbali na mdomo wa bomba la sivyo utaiokota barabarani.

Na pengine sabufa yako haikutakiwa kuwa kwenye boksi la aina hiyo kabisa. Gawa Fs kwa Qes, namba nyingine ya karatasi ile ile (breki ya umeme ya koni). Jibu likiwa karibu na 50 au chini, ifungie. Likiwa karibu na 100, ipe bomba. Katikati ya hapo chagua mwenyewe, lakini ujue kwamba boksi la bomba halisamehe makosa ya hesabu.

Koni inarukaruka, besi haitoki

Turudi kwenye ile Probox, maana mwenyewe hakuja kwa sababu ya lita. Alikuja kwa sababu nyimbo za benga zilikuwa zinapotea. "Fundi, gitaa la besi likipanda nalisikia, likishuka linakufa, na spika inatetemeka kama inataka kutoka."

Kila boksi la bomba lina namba yake, toni ambayo hewa ya ndani ya bomba inacheza yenyewe. Juu ya namba hiyo koni na bomba vinasaidiana. Kwenye namba yenyewe bomba ndilo linalofanya kazi na koni inakaribia kusimama. Chini yake hewa haiishiki koni tena. Koni inaruka mbele na nyuma bila breki, na kinachotoka bombani kinafuta kinachotoka kwenye koni.

Urefu wa bomba la mviringo unapatikana hivi, kwa sentimita na lita: 23562.5 zidisha kwa kipenyo cha ndani mara kipenyo, zidisha kwa idadi ya mabomba. Gawa kwa (toni mara toni mara lita). Halafu toa 0.732 mara kipenyo. Nilitaka toni ya 35 Hz (mitetemo 35 kwa sekunde) kwenye lita 54 kwa bomba la sentimita 10, nikapata sentimita 28. Fundi wa kwanza, akiwa na lita zake 80 za kichwani, alipata 17 akakata 17. Lakini sentimita 17 ndani ya lita 54 hazikupi 35. Zinakupa karibu 42.

Sasa waya mnene kabisa wa gitaa la besi la kawaida, ule wa E, unalia kwenye 41 Hz. Mpiga benga akishuka hadi huko, Probox ile ilikuwa tayari imevuka ukingo. Huo ndio ugonjwa mzima. Nilitoa bomba fupi nikatia la 28, na sabufa "feki" ikaanza kuimba noti ambazo mwenyewe hakujua zimo kwenye wimbo.

Kwa hiyo kabla ya kujenga, uliza mtu anasikiliza nini. Wa benga na ohangla, 35 Hz ni pazuri. Kijana wa nyimbo za kompyuta zenye besi inayoteleza hadi 30 na chini anahitaji 30 au 32, boksi kubwa zaidi na bomba refu zaidi, na akubali kupoteza nafasi ya mizigo. Anayetaka mdundo wa kwaya tu, boksi lililofungwa linamtosha na hataniona tena.

Kujua toni ya boksi lililokwisha kujengwa huhitaji mashine. Sauti iwe chini. Cheza toni kutoka 60 Hz ushuke mbili mbili, huku umegusa ukingo wa koni kwa ncha ya kidole. Mtetemo utapungua, utapungua, utakaribia kufa, kisha utarudi kwa kishindo. Pale ulipokufa, wakati upepo unatoka bombani kwa nguvu kuliko kwingine, ndipo palipo toni. Iandike kwa kalamu chini ya boksi, fundi mwingine atakushukuru. Kisha nenda kwenye ampu, weka kichujio cha sauti za chini kabisa Hz tatu au nne chini ya namba hiyo. Ampu isiyo na kichujio hicho na boksi la bomba ni ndoa mbaya. Siku moja koni itagonga mwisho wake na koili haitarudi mahali pake.

Bomba linapuliza kama mtu anayepoza chai

Hewa ikipita kasi mno ndani ya bomba jembamba unasikia "fff, fff" juu ya kila mdundo. Kiwango kinachozungumzwa ni mita 17 kwa sekunde hivi. Ukipita hapo sikio linaanza kuona. Inchi 12 yenye wati nyingi kwenye bomba moja la inchi 4 itapita, hasa mtu akifungulia sauti yote.

Tiba ya haraka inayofanywa sana hapa mjini ni kutoboa shimo la pili na kutia bomba la pili linalofanana na la kwanza. Usifanye. Mabomba mawili ya sentimita 28 kwenye lita zile zile 54 yanapandisha toni hadi karibu 50 Hz, na umerudi kwenye ugonjwa wa Probox, safari hii mkali zaidi. Ukitaka mabomba mawili yabaki 35, kila moja liwe na sentimita 64. Ukitaka moja la sentimita 15, liwe na 69. Ndiyo maana boksi kubwa linakuwa na bomba la mbao linalokunja kona ndani: si urembo, ni kutafuta mahali pa kulaza urefu huo.

Kama kuumaliza ugonjwa ni ghali, upunguze. Lainisha midomo yote miwili ya bomba kwa msasa hadi iwe ya mviringo, wa ndani pia, maana huo ndio unaosahaulika. Na mdomo wa ndani usikaribie ukuta. Acha nafasi inayolingana na kipenyo cha bomba. Nimeona bomba limebakiza vidole viwili kufika bodi ya nyuma. Hiyo ni pua iliyozibwa.

Kukwaruza, kugonga, kupiga mluzi

Mara nyingi si sabufa. Cheza toni kutoka 30 hadi 80 polepole, mwenzako atembee kuzunguka gari akibonyeza vitu kwa kiganja: namba pleti, mfuniko wa buti, plastiki ya taa, jeki iliyolegea. Kwenye Probox anza na namba pleti ya nyuma. Kipande cha sponji nyuma yake kinamaliza kesi.

Ikiwa ni boksi lenyewe, tafuta uvujaji. La kufungwa ni rahisi: sukuma koni taratibu kwa vidole vyote, iachie. Ikirudi polepole kama inafikiri, boksi limeshika. Ikirudi mara moja, linavuja. Kupata mahali, washa ubani au udi, cheza 30 Hz kwa sauti ya wastani, upitishe moshi kwenye viungo. Utayumba pale penye tundu. Mwizi mkubwa ni kile kikombe cha plastiki cha kuunganishia waya. Zungushia silikoni, na baada ya kupaka uache siku nzima kabla ya kurudisha sabufa, kwa sababu mvuke wa aina nyingi za silikoni una asidi na haupatani na gundi za spika.

Ukuta unaotetemeka pia unakwaruza. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole katikati ya kila bodi. Ikilia kama ngoma, weka fito ya kukaza kutoka ukuta hadi ukuta. Bodi yenye upana unaopita sentimita 30 bila fito siiamini.

Kuna sauti nyingine ndogo, ya kuchapa, inayokuja kwenye mdundo mkubwa tu. Hizo ni zile nyuzi laini zinazotoka kwenye koni kwenda kwenye vituo vya waya, zinapiga nyuma ya koni. Hiyo kweli ni ya spika. Mara moja kwa mwaka nakutana nayo.

Boksi limevimba

Hii ni ya watu wa Ziwa Victoria zaidi kuliko wa Nakuru. MDF, ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa, inapenda maji kuliko samaki. Uso wake una ulinzi kidogo, lakini ukingo uliokatwa unakunywa unyevu, unanenepa, skrubu zinaachia, kiungo kinafunguka. Msimu wa mvua buti la gari lenye mpira uliochoka linageuka bwawa, na boksi limekaa ndani yake. Nikipokea boksi la hivyo silizibi. Bodi iliyokwisha kuvimba haina nguvu tena, gundi inashika vumbi tu.

La kujenga upya, paka kingo zote gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, iache ikauke, paka tena, kisha vanishi, ndipo kapeti. Toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu maana ukingo wa MDF unapasuka. Na linyanyue boksi kutoka sakafuni kwa miguu ya mpira. Plaiwudi nzuri ya milimita 18 inavumilia zaidi na ni nyepesi, ila chungulia ukingo wake kwanza: ukiona mapengo kati ya matabaka, yatakuja kupiga mluzi.

Ampu inazima, taa zinafifia

Hapa boksi halina hatia, lakini watu huniletea yote pamoja. Ampu ikizima mara tu unapopandisha sauti, pima omu (ukinzani wa umeme) kwenye ncha za waya wa spika ukiwa umeuchomoa. Sabufa ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, na sabufa yenye koili mbili za omu 2 ukiziunganisha sambamba ni omu 1. Ampu iliyoandikwa "omu 2 mwisho" itajilinda, na ina haki.

Ikiwa omu ziko sawa, pima volti kwenye ampu yenyewe wakati muziki unapiga. Betri inaonyesha 14 na ampu inaonyesha 11? Zile volti tatu zinapotelea kwenye waya. Kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya ngozi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, na inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba ya unene huo. Wati 500 za kweli zinavuta ampea 45 hadi 50, kwa hiyo waya wa kubahatisha utapata moto. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Ukiiweka nyuma karibu na ampu, waya wote unaopita chini ya kapeti hauna mlinzi. Waya wa ardhi uwe mfupi, chini ya mita moja, kwenye bodi ya gari iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini pia huishia hapo, au kwenye waya wa sauti uliolazwa sambamba na waya wa betri. Tenganisha, mmoja kushoto mwingine kulia.

Harufu ya kuungua

Zima. Usijaribu "wimbo mmoja tu". Harufu hiyo ni vanishi ya koili, na inayoiunguza kwa kawaida ni ampu ndogo iliyolazimishwa, gaini (kitufe cha ukali wa ampu) imezungushwa mpaka mwisho na mawimbi yamekatwa vichwa. Ikipoa, sukuma koni sawasawa kwa vidole vinne. Ikiteleza kimya, una bahati, rudisha gaini chini: redio robo tatu ya sauti yake, kisha pandisha gaini hadi usikie ukali, kisha irudishe kidogo. Ikikwaruza kama mchanga, koili imeshavimba. Hiyo ndiyo siku nitakayokubaliana nawe kwamba spika imekufa, lakini boksi nitalipima bado kabla hujanunua nyingine.